Namba za Kuazima

9 Machi, Jumatatu

Wewe ambaye daftari hili limekufikia, sijui kwa njia gani, nakuomba kwa kile unachokipenda kuliko vyote: usimsimulie mtu. Usimsomee mumeo, usimsomee mkeo, usimnong'oneze jirani huku ukimwambia asiseme. Zaidi ya wote, mama yangu asijue. Naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kooni, na sina mtu wa kumwambia bila kumpa naye mzigo wa kuficha.

Mimi ni karani katika ofisi ya umeme, dawati la maombi. Mtu akitaka kuongezewa nguvu ya umeme nyumbani kwake, kutoka njia moja kwenda njia tatu, karatasi zake hupitia mikononi mwangu. Nina miaka ishirini na mitatu. Sijawahi kuchelewa kazini wala kupoteza faili.

Leo nimeandika 4.3 kwenye karatasi ya ukaguzi ya nyumba yetu wenyewe. Hakuna aliyekuja kupima.

11 Machi

Niieleze habari yenyewe, maana hata mimi nataka kuiona ikiwa imenyooka.

Kila nyumba yenye umeme hutakiwa kuwa na ethi, yaani waya unaotoka kwenye vyombo vya umeme na kushuka hadi ardhini, ili umeme ukivuja uende kuzama huko badala ya kumpitia mtu. Kabla ya kuongeza nguvu, mkaguzi huja na kifaa, huchomeka vijiti viwili udongoni, na kifaa humpa namba. Namba ikiwa ndogo, ardhi inaumeza umeme vizuri. Ikizidi kumi, ombi linasimama.

Mkaguzi wetu ni mzee ambaye ofisi nzima inamwita Kipimo, kwa kuwa ametembea na kifaa hicho begani miaka ishirini na sita. Kifaa kiliharibika Januari kikapelekwa kutengenezwa. Maombi hayakungoja. Kwa hiyo kila Jumatatu Kipimo husaini karatasi chache zikiwa tupu. Mimi huweka kidole pale pa kusaini, kwa sababu ana haraka, yeye husaini, kisha wiki nzima mimi hujaza. Namba naiazima kwenye faili la nyumba iliyo karibu, iliyopimwa zamani. "Azima tu, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza. "Udongo wa mtaa mmoja ni ule ule."

Karani mmoja wa zamani, kifaa kilipoharibika miaka ya nyuma, aliandika 4.0 kila mahali mpaka meneja akashtuka. Mimi sivyo. Mimi huandika 4.1, halafu 3.8, halafu 4.6, kama namba zilizopimwa kweli. Kipimo alisema nina mkono mzuri, nami nikafurahi kutwa nzima. Hiyo furaha ndiyo inayoniaibisha leo.

12 Machi

Joto. Hakuna jipya.

15 Machi, Jumapili

Nyumba tunayokaa ni ya marehemu baba. Tumo watatu: mama, mimi, na wifi, mke wa kaka. Kaka huendesha lori la masafa na hurudi mara moja kwa mwezi. Wifi ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba mbili za wageni na ya zahanati, na chumba cha nyuma chote ni mashine, mabeseni na kamba. Ana mashine moja kubwa ya mitumba yenye hita ndani, ambayo imefunikwa turubai tangu mwaka jana kwa sababu umeme wetu ulikuwa hauiwezi.

Yeye ndiye aliyeomba nguvu iongezwe. Na tangu aombe hakunipa nafasi ya kupumua. Amewatangazia wateja wote kwamba ana wifi katika umeme, na kwamba haoni faida ya kuwa na wifi katika umeme kama atasubiri foleni kama mtu asiye na ndugu. Jana aliniwekea chakula akaniuliza kama nacho kinahitaji muhuri kabla sijakila.

Ningeweza kumwambia asubiri kifaa kirudi. Sikuweza. Wifi ana mdomo, na mimi sina.

19 Machi

Umeme umeongezwa. Mafundi watatu wa laini walikuja, wakapanda nguzo, wakashusha waya mnene mweusi, wakabadilisha mita na swichi kuu. Nyaya za ndani hawakuzikagua, maana karatasi yangu ilikwisha kusema ndani ni salama.

Wifi aliivua ile mashine turubai kama anayemfunua bibi harusi. Ilipowaka, sakafu ilitetemeka. Mama alipiga makofi.

24 Machi

Mvua imeanza, rasharasha tu. Idara ya maji inachimba mtaro mbele ya nyumba. Wanang'oa mabomba ya chuma yaliyooza, wanaweka ya plastiki meusi. Mtaa huu na ule wa nyuma yake.

27 Machi

Mvua. Mtaro umefukiwa. Maji yamerudi, safi kuliko zamani.

2 Aprili

Mama amesema bomba la chumba cha kufulia lina baridi ya ajabu, baridi inayotembea. Nikamuuliza inatembeaje. Akaonyesha kwa vidole viwili, toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Nikamwambia ni maji mapya. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

5 Aprili, Jumapili

Leo ni wifi. Alikuwa akisuuza, akauondoa mkono ghafla, akacheka. Akasema mashine imeshamzoea, sasa inampa mkono wa asubuhi. Nilipomwambia avae viatu anapofua, akaniuliza tangu lini nimekuwa mama mkwe.

Mvua kubwa mchana. Maji yameingia chini ya mlango wa nyuma.

8 Aprili

Nimemwendea Kipimo. Sikumwambia ni kwetu. Nikasema nimesikia kuna nyumba ambayo bomba linatekenya. Alikuwa akinywa chai, akaniambia bomba jipya lolote hufanya hivyo, ni vumbi la chuma, litatulia. Akanishika bega. Ana mikono yenye huruma, na kwa muda wa dakika kumi hivi nilimwamini.

9 Aprili

Mvua. Mama anafungua bomba kwa kutumia kitambaa.

12 Aprili, Jumapili

Wifi alikwenda kupeleka mashuka, mama akalala kidogo. Nikachukua bisibisi ya testa kwenye kisanduku cha marehemu baba, ile yenye kitaa ndani ya mpini. Ukigusa waya wenye umeme, kitaa huwaka. Nikagusa bomba la maji.

Kikawaka. Kidogo, rangi ya chungwa, kama jicho la mtu anayeamka.

Nikawasha ile mashine kubwa, nikangoja hita ishike, nikagusa tena. Kikawaka sana.

Nikaufuata waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, toka kwenye boksi la swichi, ukapita ukutani, ukashuka nyuma ya tangi. Hauingii ardhini. Umefungwa kwa kibano kwenye bomba la chuma la maji, kama mafundi wa zamani walivyofanya, kwa sababu bomba la chuma lilikwenda chini ya udongo mtaa mzima na lilikuwa ethi nzuri kuliko zote. Nikatoka nje. Hatua moja toka ukutani chuma kimekatwa, na pale kimeungwa plastiki.

Basi ethi yetu haifiki popote. Umeme unaovuja kwenye hita unapanda ule waya wa kijani, unaingia kwenye bomba, na hapo unangoja. Unangoja mtu mwenye miguu mibichi.

Nimekaa juu ya beseni lililopinduliwa nikifikiri nimwambie nini wifi. Nikisema ethi hakuna, ataniuliza, na ile namba mliyoandika? Yeye hakosi swali. Na nikisema ile namba, nimemwaga unga wangu na wa Kipimo kwa siku moja, naye amebakiza miezi miwili astaafu.

Na si nyumba yetu tu. Karatasi nilizojaza tangu Januari ni thelathini na moja, zote za mitaa hii miwili, ambako tuna laini mpya. Ni mitaa ile ile ya mabomba mapya.

13 Aprili

Nimenunua kandambili za mpira jozi tatu. Nimesema zilikuwa za punguzo.

14 Aprili

Mvua. Nimekata hita ya mashine kwa kuchomoa fyuzi. Wifi ameirudisha kabla sijafika kazini.

16 Aprili

Nilianza kusema wakati wa chakula. Nikasema, wifi, kuna jambo kuhusu umeme. Akasema jambo gani, nikasema bili. Nikaona aibu hadi masikioni.

Kesho. Naapa, kesho.

17 Aprili

Sikusema.

18 Aprili, Jumamosi

Nitaandika polepole.

Mvua ilianza alfajiri na saa sita ilikuwa bado inanyesha. Nyumba ya wageni ilikuwa imeleta mashuka sitini. Mimi na mama tulikuwa tukikunja yaliyokauka kwenye rafu ya ukutani, wifi alikuwa kwenye bomba. Maji yalikuwa yametanda sakafuni, si mengi, ya kulowesha nyayo tu. Kandambili yake ya kushoto ilikatika kamba. Akaitupa pembeni, akaivua na ya pili kwa kuwa hawezi kutembea kama bata, hivyo ndivyo alivyosema, na mama akacheka. Niliona nyayo zake zikikanyaga maji. Nilifungua mdomo. Nafikiri nilisema "wifi." Sina hakika kama ilitoka.

Akashika bomba kulifunga, na hakuliachia.

Hakupiga kelele. Watu hudhani mtu hupiga kelele. Alitoa sauti kama ya mtu anayenyanyua gunia, meno yameumana, mkono umekakamaa hadi shingoni, na macho yake yalikuwa yakinitazama mimi. Mashine ilikuwa ikizunguka kama kawaida.

Mama alitupa shuka akamwendea mikono mbele. Nikamsukuma mama. Nilimpiga kwa bega langu lote, mama yangu mzazi, akaanguka juu ya vikapu vya nguo, na nikasema maneno ambayo sijawahi kumwambia, nikasema, "Mama, usimguse, utakufa." Yeye alinitazama kama mtu asiyenijua. Kwake yeye, nilikuwa nikimzuia asimwokoe mke wa mwanawe.

Swichi kuu mpya iko juu, nyuma ya ile rafu. Tulikuwa tumeijaza mashuka hadi juu, mimi mwenyewe nikiyapanga kwa ukubwa. Nikayavuta yote. Yalianguka kichwani kwangu, meupe, yananukia sabuni, na sikuona kitu. Nikapapasa ukuta. Nikaipata. Nikaishusha.

Mashine ikanyamaza. Wifi akaanguka kama nguo iliyotolewa kwenye kamba.

Alikuwa akipumua. Moyo wake ulikuwa ukikimbia, ukisimama, ukikimbia. Mama alimpakata kichwa akiita jina lake la utotoni, na mimi nilikimbia mvuani kutafuta gari. Mwenye duka la pembeni alitupeleka zahanati. Kiganja chake cha kulia kimeungua mstari mmoja mnene, umbo la mpini wa bomba. Wamemlaza wamwangalie moyo.

Nilijua kila kitu. Nilijua waya, nilijua bomba, nilijua nyayo. Wiki nzima nilijua.

19 Aprili, Jumapili

Nimemwambia.

Nilikuwa nikimpepea kwa kipande cha boksi, mama ameenda kuchota maji. Niliongea nikitazama bendeji. Nilimwambia kifaa, karatasi tupu, 4.3, bisibisi ya testa, kila kitu hadi kandambili za punguzo.

"Kwa hiyo uliiandika wewe," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Ukakaa nayo mezani kwangu, ukala, ukanitazama nikifua."

Nikasema ndiyo.

"Wangapi wengine?"

"Thelathini, ukitoa sisi."

Akageuza uso kunitazama vizuri. Midomo yake ilikuwa imepasuka alipojiuma. "Na hao nao wana mikono," akasema. "Sasa hapa unampepea nani? Mimi nimeshapigwa. Inuka, wifi."

Miaka minne nimemwona ni mwanamke wa kelele. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema neno kwa sauti ndogo hivyo.

20 Aprili

Fundi Taratibu amekuja kwetu. Amepewa jina hilo mtaani kwa sababu hunywa maji kati ya skrubu na skrubu, na wifi alikuwa akiapa hatamwita tena hata taa zizime nchi nzima. Leo nimeona anachofanya anapodhaniwa anazembea. Anapima. Anapima kabla, anapima katikati, anapima baada. Alipigilia chuma kirefu ardhini hadi kikaisha, akaung'oa ule waya bombani, akaufunga kwenye chuma, akaweka kwenye boksi kikata uvujaji, swichi ndogo inayozima umeme papo hapo ukianza kutoroka. Akaniambia nyumba yenye hicho ingemwachia wifi kabla hajajua ameshikwa.

Nikamuuliza inachukua muda gani kukifunga. Akasema saa moja, na kwa mtu mwenye haraka nusu saa, ila yeye hana haraka.

22 Aprili

Nimekwenda kwa Kipimo, ofisini kwake, nikafunga mlango. Nilikuwa nimejikaza kisabuni, nimeandaa maneno makali. Nikaanza na swali dogo: kifaa kitarudi lini?

"Kilirudi Februari," akasema.

Kilikuwa ndani ya kabati, kwenye boksi lake, kimefungwa kamba vizuri. Nikamuuliza kwa nini. Alichukua faili mezani kwake, akalisogeza hadi likagusa pua yake, akalirudisha.

"Nisomee wewe, mwanangu. Mimi naona moshi."

Tangu mwisho wa mwaka jana hawezi kusoma mshale wa kifaa. Anatambua watu kwa sauti na kwa mwendo. Alihofia wangemkalisha nyumbani kabla ya siku yake, yeye ambaye mji mzima unamjua kwa kifaa hicho. Nami kila Jumatatu nilikuwa nikimwekea kidole pa kusaini, nikidhani namsaidia mtu mwenye haraka.

Nilimweleza ya wifi. Alikaa akijipangusa uso kwa leso. Kisha akasema tungoje mvua iishe, njia zikauke, tutazunguka taratibu, nyumba moja moja, bila kishindo. Nikamwambia mvua ndiyo inayoua, ikiisha tutakuwa tunahesabu. Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu wa umri wake.

23 Aprili

Saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kwetu, koti la mvua, kifaa begani. Aliniuliza mtaa upi kwanza.

Yeye anachomeka vijiti, anahesabu hatua kwa miguu, hakosei hata shubiri. Mimi nasoma. Nyumba ya kwanza 4.4. Ya pili 3.9. Nilitaka kulia kwa furaha kwamba uongo wangu ulikuwa kweli. Ya tatu, mshale ulikimbia hadi mwisho wa kioo ukagonga. Mimi nilikuwa nimewaandikia 4.2.

Kipimo akauliza, ngapi? Nikasema hakuna namba, mzee. Akasimama na kijiti mkononi, mvua ikimchuruzika masikioni, akasema rudia. Nikarudia. Hakuna namba.

25 Aprili, Jumamosi

Nyumba tano. Mlango wa kwanza nilisema tumekuja kurekebisha kumbukumbu. Mwenye nyumba akacheka, akauliza tangu lini watu wanapima walichokwisha kupima, akafunga. Nikagonga tena. Nikasema, niliandika uongo kwenye karatasi yako na bomba lako linaweza kukuua. Akafungua. Alinitukana mimi na ukoo wangu, lakini huku akitusogezea viatu tupite.

Tangu hapo nasema hivyo hivyo kila mlango. Neno hilo halizoeleki.

28 Aprili

Mvua. Nyumba nne. Moja mbaya. Wanaoga humo watoto watano.

30 Aprili

Wifi amerudi kazini, anafua kwa mkono mmoja na kuamrisha kwa mwingine. Mama hanisemeshi sana. Leo nimepitisha mkono mbele yake kuchukua sukari, akajikunyata bila kukusudia. Goti lake bado lina jeraha la vikapu.

4 Mei

Tumefika nyumba ishirini na moja. Sita mbaya, zote zimefungiwa chuma kipya na Fundi Taratibu, ambaye sasa hanywi tena maji kati ya skrubu. Zimebaki tisa. Meneja ametuita kesho.

5 Mei

Alikuwa na malalamiko mawili mezani. Alituuliza kwa upole ni nani alitutuma. Nilimweleza. Nilimwomba watangaze, gari lenye kipaza sauti lipite mitaa yote miwili siku hii hii. Alisema tangazo la namna hiyo litafanya kila aliyeongezewa umeme mji mzima azime swichi na kuja kupiga foleni hapa. Jambo litashughulikiwa, akasema. Akatutaka tumkabidhi kifaa na funguo za kabati la mafaili.

Kipimo akasimama. Akasema, "Sahihi zote ni zangu. Huyu ni mtoto, alifanya nililomwambia."

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Meneja alikuwa amekwisha kushika kalamu aandike hivyo.

"Namba ni zangu," nikasema. "Na nilizipamba zisijulikane."

Tumeambiwa tukae nyumbani tungoje barua. Nje, Kipimo aliniuliza kama mvua imekoma, maana alihisi jua usoni. Nikamwambia imekoma kidogo tu. Nilimsindikiza hadi kwake, nikiwa nimemshika kiwiko, na kwa mara ya kwanza hakujifanya anaona njia.

6 Mei

Mafaili yamefungiwa. Nakumbuka majina ya barabara, sikumbuki nyumba. Nyumba tisa.

9 Mei, Jumamosi

Nimegonga milango tangu asubuhi, nikikisia. Wengi hawajawahi kuomba chochote. Mmoja ameniachia mbwa.

12 Mei

Barua haijaja. Hakuna gari lililopita na kipaza sauti.

Nimemwambia mama yote. Nilimkuta akichambua mboga. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja tu: siku ile, kama ningemwacha amshike, ingekuwaje? Nikamwambia. Akaendelea kuchambua. Baadaye akanisogezea nusu ya mboga na kisu cha pili.

17 Mei, Jumapili

Mvua kubwa kuliko zote msimu huu.

20 Mei

Mteja wa wifi amekuja kuchukua mapazia. Alipoona bendeji akauliza, wifi akamjibu bila kupunguza neno, kwamba ni bomba. Yule mama akaweka mapazia chini. Akasema la kwake linatekenya tangu mwezi jana, na mumewe amemwambia ni uzee. Nikamuuliza anakaa wapi. Wifi alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Mshale haukuhitajika, testa tu ilitosha, iliwaka hadi kwenye sinki la jikoni. Ilikuwa mojawapo ya zile tisa. Fundi Taratibu alimaliza kabla ya adhuhuri.

Siku kumi na tano nimegonga milango sikuipata hata moja. Hii imekuja yenyewe, imebeba mapazia.

24 Mei, Jumapili

Wifi amesema daftari hili lisikae tena chini ya godoro. Amelifungia uzi kwenye kaunta ya chumba cha kufulia, karibu na kalamu ya kuandikia risiti, ili kila anayekuja kuchukua nguo alifungue. Nimesita tangu jana jioni. Kisha nimefikiria nyumba nane ambazo nazo leo zinafua, kwa kuwa ni Jumapili. Kwa hiyo haya ya mwisho nakuandikia wewe unayesimama hapo kaunta.

Kama uliongezewa umeme wa njia tatu kati ya Januari na Aprili, rudi nyumbani ufungue mlango wa boksi la mita. Ndani kuna karatasi ya ukaguzi imebandikwa. Tazama namba iliyo mstari wa saba. Kama ni nne, na kichwa chake kiko wazi juu, haikufungwa, huo ni mwandiko wangu, na hakuna aliyepima. Kama ni tatu yenye tumbo bapa, ni wangu pia. Shusha swichi kuu hapo hapo, kwa mkono mkavu, umevaa mpira miguuni. Usijaribu bomba ili kuhakikisha.

Kisha nitafute. Niko hapa nyuma ya mashine ya pili toka saa moja asubuhi hadi giza linapoingia. Ukikuta pamefungwa, zunguka nyumba upande wa tangi, ugonge dirisha lenye pazia la buluu, mama atafungua na hatakuuliza unamtaka nani. Kama huwezi kutembea, mtume yeyote aseme tu "bomba" kwa mwenye duka la pembeni, yeye anajua, gari lake liko tayari. Fundi Taratibu anakaa nyumba ya tatu baada ya duka. Mzee Kipimo huwa hapa kila asubuhi, na ukimweleza kwa mdomo ulivyofungwa waya wako atakwambia kilipo kibano kabla hujamaliza.

Hutaulizwa kitu, wala hutatajwa popote. Ukitaka kunitukana utanitukana tukiwa njiani.

Usingoje mvua ipungue. Njoo kabla hujafungua bomba.